Noah inachemsha mlimani na maji yanapungua: nitajuaje kama gasketi ya silinda hedi imeungua?

Mkazi wa Mafinga:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri kuhusu gari langu, Toyota Noah ya mwaka 1999 yenye injini ya petroli ya 3S-FE, ambalo hulitumia kati ya Dar es Salaam na Mafinga. Hivi karibuni, nikipanda mlima Kitonga polepole nyuma ya msururu wa malori, mshale wa joto ulipanda hadi karibu na alama nyekundu. Niliegesha, nikazima injini, nikasikia maji yakitokota na kufurika kwenye tangi la akiba. Injini ilipopoa niliongeza maji ya kawaida na nikafika salama, lakini tangu siku hiyo maji yanapungua kidogo kidogo ingawa asubuhi sioni unyevu wowote chini ya gari.

Fundi wa kwanza aliangalia mapovu kwenye mdomo wa rejeta na kusema kuwa gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo bapa kilicho chini ya kichwa cha injini, imeungua, hivyo injini ifunguliwe mara moja. Wa pili anasema rejeta imeziba, ninunue nyingine, na themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) itolewe kabisa kwa sababu nchi yetu ni ya joto. Gharama za mapendekezo hayo zinapishana mno, na kati yao hakuna aliyepima chochote. Oili kwenye kijiti ni safi, gari halijapoteza nguvu, na moshi mweupe huonekana asubuhi kisha hupotea. Ningependa kujua ni vipimo gani vifanyike, na kwa mpangilio upi, kabla sijaruhusu mtu kufungua injini.

Fundi Mstaafu:

Ndugu mleta mada, umefanya vyema kusubiri. Kufungua silinda hedi ili kujua kama gasketi imeungua ni kuanza kazi kutoka mwisho. Swali la kwanza ni dogo zaidi: maji yanakwenda wapi? Yana njia tatu tu. Yanaweza kuvuja nje, yanaweza kuingia ndani ya silinda na kutoka na moshi, au yanaweza kuchanganyika na oili. Kila njia ina kipimo chake, na vipimo vyote hivyo hufanyika bila kugusa hata boliti moja ya hedi.

Anza na kipimo cha presha, injini ikiwa baridi kabisa. Ni pampu ndogo ya mkono yenye geji, ambayo hufungwa kwenye mdomo wa rejeta badala ya mfuniko. Jaza maji, kisha pampu hadi presha iliyoandikwa juu ya mfuniko wenyewe, ambayo kwa magari mengi ya aina yako ni takribani baa 0.9, yaani karibu na presha moja ya anga, na wala usiizidishe. Acha kwa dakika 15. Mshale wa geji ukishuka, maji yanatoka mahali fulani, na sasa unayatafuta injini ikiwa imezimwa, feni haizunguki, na hakuna joto la kuyakausha. Hiyo ndiyo sababu huoni dimbwi asubuhi: tundu dogo huvuja gari likiwa na joto na presha, tone likaangukia chuma cha moto, na kinachobaki ni ukoko mweupe au wa kutu.

Kwenye Noah hiyo injini imelala chini ya viti vya mbele, kwa hiyo watu wengi hukagua rejeta na mipira yake ya mbele tu wakadhani wamemaliza. Nyanyua viti. Tazama mipira yote, pamoja na vizibo vya chuma vilivyogongomelewa ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini. Kisha lala chini ya gari ufuatilie mabomba yanayopeleka maji ya moto kwenye hita ya nyuma, kwa sababu yanapita chini ya sakafu ambako tope na kutu huyala polepole. Mwisho, kagua pampu ya maji. Kwenye 3S-FE pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, ule unaozungusha vali za injini kwa mpangilio, na imefichwa nyuma ya kifuniko. Ina kitundu kidogo kinachotoa maji pale sili yake inapochoka, na maji hayo hushuka kimya kimya upande wa mkanda. Pima na mfuniko wa rejeta kwa pampu hiyohiyo. Mafundi wengi huusahau, nao ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote tulivyotaja.

Mwalimu wa Fizikia:

Naomba kuongeza jambo kuhusu mfuniko, kwa kuwa Fundi amelitaja kwa kifupi mno kwa kadiri ya uzito wake. Maji ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini kiwango hicho hushuka kwa takribani nyuzi moja kila unapopanda mita 300. Mji wa Iringa, unaoufikia baada ya Kitonga, uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yaliyo wazi huko huchemka kwa takribani nyuzi 95. Mfuniko mzima unaohimili presha ya baa 0.9 husogeza kiwango hicho hadi karibu na nyuzi 115 au zaidi. Mfuniko uliolegea haukupi nafuu hiyo, na injini hufanya kazi kwa kawaida kati ya nyuzi 85 na 95. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba gari lenye injini nzima, likiwa na maji matupu na mfuniko mbovu, linaweza kuchemsha juu ya Kitonga wakati linatembea Dar es Salaam mwaka mzima bila shida. Kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huongeza nyuzi kadhaa na, kwa hali yetu isiyo na barafu, faida yake kubwa zaidi ni kuzuia kutu.

Dereva wa Masafa:

Kwa maoni yangu unapoteza muda. Injini hizo ni za zamani, na silinda hedi ikishapata joto namna hiyo haiaminiki tena. Nunua injini ya mtumba iliyotoka Japani, ifungwe, uendelee na safari zako.

Fundi Mstaafu:

Ndugu Dereva, injini ya mtumba nayo huja bila historia, na gasketi yake ina umri uleule. Ukifunga injini nyingine ukabakiza mfuniko uleule, rejeta ileile na bomba lilelile lililotoboka, nayo itachemka. Kwanza tupime.

Nirudi kwenye gasketi yenyewe. Bloku ya 3S-FE ni ya chuma cha kusubu na hedi yake ni ya aluminiamu, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma inapopata joto. Joto likizidi, hedi hupinda na gasketi hubanwa vibaya, kwa hiyo hofu ya fundi wako wa kwanza ina msingi. Tatizo ni ushahidi aliotumia. Mapovu yanayoonekana mara tu baada ya kuongeza maji huwa hewa iliyonaswa, na katika gari lenye mabomba marefu kama Noah hewa hiyo huchukua muda kutoka. Mapovu ya kutia shaka ni yale yanayoendelea hata baada ya themostati kufunguka na hewa yote kutoka, na ambayo huongezeka unapokanyaga mafuta.

Ili kuondoa ubishi, tumia kipimo cha kemikali. Kifaa chenye kimiminika cha buluu huwekwa juu ya mdomo wa rejeta, maji yakiwa yamepunguzwa kidogo yasiingie kwenye kifaa, na injini ikishapata moto ikiwa inanguruma, hewa ya juu ya maji huvutwa ipite ndani ya kimiminika hicho. Kama gesi ya moshi inapenya kutoka kwenye silinda, kabonidayoksaidi iliyomo hugeuza rangi kuwa ya njano kwa injini ya petroli. Tahadhari: kifaa kiwekwe kabla injini haijapata moto, kwa maana mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi kwa sababu yoyote ile.

Mpira wa juu wa rejeta nao una la kusema. Ukiwa mgumu sana dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, presha hiyo haijatokana na joto bali na gesi ya silinda. Vilevile ng'oa plagi zote: plagi moja iliyo safi mno kuliko wenzake, kana kwamba imeoshwa, huonyesha silinda inayoingiza maji. Pima komposheni, yaani presha ya mgandamizo ndani ya kila silinda; silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika katikati yao. Kama asubuhi injini inakuwa nzito kuzunguka, usilazimishe stata, kwani maji yaliyojaa ndani ya silinda hayabanwi, na kinachopinda ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki.

Kuhusu moshi wa asubuhi na Mafinga yenye baridi, mvuke unaopotea injini ikipata joto ni wa kawaida. Hata utando wa maziwa chini ya mfuniko wa oili unaweza kuwa unyevu wa safari fupi za baridi. Amini zaidi kijiti na oili inayotoka kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ikionekana kama chai ya maziwa, usiwashe injini tena hata kwa kulisogeza gari uani, kwa kuwa beringi za krenki ndizo zitakazolipa.

Mkazi wa Mafinga:

Shikamoo mzee Fundi, na asanteni nyote. Nimepata gereji yenye vifaa hivyo na vipimo vimefanyika mbele yangu. Kimiminika kilibaki buluu muda wote. Komposheni ya silinda zote nne inalingana. Kwenye kipimo cha presha mshale ulishuka polepole, na baada ya kufungua kifuniko cha taimingi tumekuta ukoko mweupe na unyevu chini ya pampu ya maji. Mfuniko wa rejeta ulianza kuachia kabla ya kufika nusu ya presha iliyoandikwa. Je, kuna haja bado ya kufungua hedi ili kuhakikisha haijapinda?

Fundi Mstaafu:

Marahaba. Hapana, usiifungue. Hedi iliyofunguliwa inahitaji gasketi mpya, kupimwa unyoofu kwa rula maalumu, na boliti kukazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje. Kazi hiyo haifanywi kwa sababu ya wasiwasi.

Badilisha pampu ya maji, na kwa kuwa mkanda wa taimingi umeshatolewa na umelowa, weka mpya pamoja na rola zake. Nunua mfuniko wenye presha ileile ya asili. Themostati ibaki, injini isiyo nayo hukaa baridi mno, hunywa mafuta zaidi, na mwenye gari huchelewa kuona kwamba rejeta imeanza kuziba. Usitie poda ya kuziba matundu wala mayai, maana vitu hivyo haviwezi kutofautisha tundu la kuvuja na njia nyembamba za rejeta na hita.

Wakati wa kujaza kulanti, egesha gari pua ikitazama mlima, fungua hita zote mbili hadi mwisho wa joto, mwaga polepole, kisha washa injini bila mfuniko ikiwa baridi na uendelee kuongeza huku ukiminya mipira, mpaka themostati ifunguke na hita ya nyuma itoe hewa ya moto. Ikitoa hewa baridi, bado kuna hewa ndani. Baada ya safari ya kwanza, subiri injini ipoe usiku kucha, uangalie kiwango, na urudie kipimo cha kemikali utakapokuwa umepanda Kitonga tena.