Je, uzoefu wa baharini unatosha kwa maji ya kasi ya Sagana?

Swali, kutoka Shela, Lamu:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi na binamu zangu ni watu wa majahazi, na kuogelea hakutupi shida. Tunakusudia kwenda Sagana, upande wa Mlima Kenya, tushuke kwa mtumbwi wa mpira katika maji ya kasi ya Mto Tana. Je, uzoefu wetu utatufaa huko, na ni majira gani yanayofaa? Na kwa nini tusijaribu kwanza katika Mto Sabaki, ulio karibu na jamaa zetu wa Malindi?

Jibu, kutoka Malindi:
Wa aleikum salaam, kaka. Uzoefu wenu utawafaa katika kushika kafi na kutii amri ya nahodha, lakini msiutegemee zaidi ya hapo. Baharini mkondo hubadilika maji yakijaa na kupwa, ilhali mtoni maji huenda upande mmoja usiku na mchana, na mwamba uliofunikwa na povu hauonekani mpaka mmekwisha kuufikia. Tena maji ya chumvi ni mazito kuliko maji ya mto kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo hutubeba vizuri zaidi. Maji ya mto yaliyojaa hewa chini ya poromoko hayambebi mtu hivyo, na ndiyo sababu hata muogeleaji hodari havui jaketi la kujiokolea wala kofia ngumu. Mkianguka, laleni chali, miguu ikitangulia kule maji yanakoelekea. Nawasihi sana msijaribu kusimama penye kasi, hata maji yakiwa ya magoti, kwa kuwa mguu ukinasa kati ya mawe, nguvu ya maji humwangusha mtu kifudifudi na kumzuia asiinuke.

Jibu, kutoka Mambrui:
Mdogo wangu, wazo la Sabaki liache. Mto huo ukifika kwetu umekwisha kuwa mpana na mwekundu kwa udongo, hauna mteremko wa kuchezea, na una mamba na viboko. Huko juu, katika mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako huitwa Galana, maji hubanwa na miamba kwenye maporomoko ya Lugard. Hapo ni pa kutazama tu. Hata Tana yenyewe, inayomwaga maji yake baharini kule Kipini, inafaa kwa mchezo huu huko juu, kabla ya kuingia katika bwawa la Masinga.

Jibu, kutoka Lamu mjini:
Naongeza kuhusu majira. Mto hufurika wakati wa masika, Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Maporomoko hupimwa kwa madaraja, la 1 hadi la 6, na la 6 ni hatari kupita kiasi. Lakini daraja hilo halidumu mwaka mzima, kwani maji yakipanda, mawe mengine huzama na mahali palipokuwa papole huanza kuwavuta watu chini. Mvua ikinyesha mlimani, mto unaweza kupanda ilhali Sagana kwenyewe jua linawaka, hivyo muulizeni mwongozaji hali ya maji asubuhi ileile. Binamu asiyejiamini aanzie sehemu za daraja la 2, na mwongozaji aambiwe jambo hilo kabla hamjaingia majini.