Deodoranti "asilia" isiyo na alumini: kikwapa kimerudi na kwapa limebabuka, nivumilie?

Kimara_Mwisho:
Wakuu habari za mchana. Naombeni ushauri wa wenye uzoefu maana mwenzenu hela imeenda na kwapa lenyewe nimelibabua.

Iko hivi, mi mtu wa jasho tangu niko shule, miaka yote natumia rolioni za kawaida za dukani na kikwapa sikijui, shida ikawa mashati. Shati jeupe la kazini miezi mitatu tu kwapani lishakuwa la njano na limekakamaa kama boksi, ukitia dawa ya kung'arisha ndo kwanza rangi inazidi. Halafu kwenye grupu la familia shangazi akarusha ile meseji kwamba alumini inaziba jasho, sumu inarudi ndani inaleta kansa ya titi. Nikaogopa jamani.

Nikaagiza stiki onlaini imeandikwa asilia haina alumini, elfu 32. Wiki ya kwanza nilikuwa likizo nashinda ndani na feni, nikaisifia mpaka kwa majirani. Kurudi kazini ndo nikajua sijui. Mwendokasi asubuhi umesimama umebanwa umeshika bomba, kwapa lako liko usawa wa pua ya mtu, mpaka nashuka Kivukoni blauzi imelowa duara kama sahani. Saa nane mchana nimeingia chooni najinusa, kitunguu kilicholala na lavenda juu yake. Siku ya kumi likaanza kuwasha, sasa la kushoto jekundu na la kulia linaanza weusi. Na juzi nafungua mkoba stiki imeyeyuka yote, kitambulisho cha kazi kinaogelea.

Muuzaji ananijibu eti dada vumilia wiki nne kwapa linatoa sumu. Lebo imeandikwa kwa mpangilio huu: mafuta ya nazi, sodiamu baikaboneti, wanga wa mahindi, nta ya nyuki, mafuta ya lavenda. Nivumilie au nitupe?

Babu_wa_Gongolamboto:
Ndimu tu. Kata nusu paka kwapani subiri kidogo kaoge. Elfu 32 ni ndimu za mwaka mzima binti yangu 😂

Fundi_Sabuni_Moro:
Babu usimponze mtoto wa watu, kwapa lishababuka halafu akamulie ndimu? Mtaa mzima utamsikia. Na ndimu ikibaki kwenye ngozi ukapigwa na jua inaunguza, inaacha mabaka ya kahawia ya kukaa wiki kadhaa.

Dada, mi natengeneza sabuni na mafuta ya kupaka huku Morogoro, deodoranti nimeharibu makopo mengi tu kabla sijaielewa. Kuna vitu viwili umevichanganya, jasho na harufu. Jasho likitoka tu halinuki. Kwapani kuna bakteria wanaoishi pale siku zote, wanakula lile jasho zito la kwapa na mabaki wanayoacha ndo kikwapa. Rolioni yako ya zamani ilikuwa na chumvi za alumini, zile zikikutana na jasho zinaganda kwenye tundu kama kizibo kwa hiyo jasho halitoki na bakteria wanalala njaa. Stiki yako haina kizibo, inashughulika na harufu tu. Kulowa ni lazima, hapo hujaibiwa.

Ulipoibiwa ni kwenye lebo. Kwenye lebo ya vipodozi kinachotajwa mwanzo ndo kingi, na kwako bekingi soda (ndo hiyo sodiamu baikaboneti) ni ya pili! Ngozi ya kwapa ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) kama 5 hivi, bekingi soda ukiiloweka inapita 8, na kila namba moja ya pH ni mara kumi. Upake hiyo kila asubuhi, tena pengine umetoka kunyoa, lazima libabuke. Weusi ni alama ya mwasho, utatoka ila taratibu mno. Acha leo leo. Habari ya kwapa kutoa sumu ni maneno ya mtu ambaye hataki kurudisha hela, takataka za mwili ni kazi ya ini na figo.

Kuhusu kuyeyuka, mafuta ya nazi yanakuwa maji kwenye nyuzi 24 hivi. Dar lini iko nyuzi 24? Hiyo fomula ni ya watu wa baridi, huku kwetu unaongeza nta au unaiuza kwenye kikopo. Ukipona kama bado unataka isiyo na alumini tafuta yenye magnesiamu haidroksaidi badala ya bekingi soda, na isiwe na mafuta ya kunukia, lavenda nayo inawasha watu wengi tu. (Na wanaotengeneza nyumbani tafadhali magadi siyo bekingi soda, magadi ni makali zaidi, msije mkajichubua.)

Mwana_wa_Darajani:
Bibie mbona wajipa tabu? Sie huku Unguja shabu. Nenda kwa wauza viungo ukanunue kipande kama sabuni ya hoteli, ukitoka kuoga kitie maji jipake kwapani basi. Bibi yangu katumia mpaka kafa na miaka themanini na ushei, kikwapa hakijui. Nguo anazifukiza udi. Jiwe la Mungu, halina alumini wala kemikali. Nasema shabu ya jiwe, si ile ya kutafutwa na polisi 🙈

Fundi_Sabuni_Moro:
Shabu naikubali kaka ila alumini imo humo humo. Jina lake kiwandani ni potasiamu alamu, yaani salfeti ya potasiamu na alumini. Na vile vijiwe vinavyong'aa wanavyouza maduka ya urembo kwa bei ya kuruka ni shabu hii hii ya bibi, wanaandika kwa ujanja "haina alumini klorohaidreti", ambayo ni kweli, ina alumini ya aina nyingine. Haizibi jasho kama rolioni, inakaza ngozi na kuwabana bakteria. Kama dada anakimbia gharama karibu kwenye shabu, kama anakimbia alumini hajafika.

Mwana_wa_Darajani:
Ewaa! Kumbe bibi kaishi na alumini kwapani umri wote na hakuna aliyemwambia.

Nesi_Zamu_ya_Usiku:
Nimesoma nikiwa wodini. Ile meseji ya shangazi ni ya zamani kuliko watsapu, ilikuwa inazunguka kwenye barua pepe miaka ya 1990. American Cancer Society wanasema hakuna ushahidi wa wazi kwamba dawa za kuzuia jasho zinaleta kansa ya titi. Kamati ya wanasayansi ya Umoja wa Ulaya mwaka 2020 ilisema alumini ni salama mpaka asilimia 6.25 kwenye stiki na rolioni. Anayepaswa kuuliza daktari kwanza ni mwenye ugonjwa wa figo, Marekani wanalazimisha iandikwe kwenye lebo. Na ukienda kupiga picha ya matiti usipake kitu siku hiyo, chembe za alumini zinaweza kuonekana kama vidoa wakadhani tatizo.

Kwapa: maji, sabuni laini, usinyoe, usipake kitu. Zile tyubu za mchanganyiko za duka la dawa (steroidi, dawa ya fangasi na ya bakteria ndani ya tyubu moja) usiguse. Wiki mbili ikigoma nenda kituo cha afya, kwapani fangasi nao wanafanana hivyo hivyo.

Kimara_Mwisho:
Jamani asanteni sana. Nimeacha tangu jana usiku, mwasho umepungua kidogo ila leo kwenye mwendokasi nimebana mikono kama mlinzi wa benki. Nikipona narudi rolioni yangu siku za kazi, wikendi shabu. Shangazi mtamjibu nyie maana mi nimejaribu akanitumia voisi ya dakika tisa. Sasa haya mashati je?

Fundi_Sabuni_Moro:
Ile njano ni alumini na jasho vimeshikana, ndo maana dawa ya kung'arisha inakoroga zaidi. Loweka kwapa la shati kwenye siki na maji lisaa limoja, sugua, fua. USICHANGANYE siki na dawa ya kung'arisha, inatoa hewa ya sumu. Na rolioni iache ikauke ndo uvae.

Babu_wa_Gongolamboto:
Siki ya nini wakati ndimu ipo

Fundi_Sabuni_Moro:
Kwenye shati sawa babu 😂 kwenye shati kamua.