MREJESHO: Yule wa kuhamia Mbeya, nimeshahama

Wakuu, mwaka jana niliwauliza kama ni akili kuacha chumba changu Mbagala nikaishi Mbeya, mji niliouota tangu nilipopita na basi kwenda Tunduma. Wengi mlisema nitarudi ndani ya mwezi. Huu ni mwezi wangu wa saba huku.

Baridi kwanza, maana mlinitisha sana. Ni kweli. Niliingia Juni na shuka moja, nikalala na soksi, jaketi na taulo kichwani. Mafuta ya nazi yaliganda kwenye kopo, nikawa nayachokonoa kwa kijiko. Kesho yake nikakimbilia Mwanjelwa kusaka blanketi la mtumba.

Ila asubuhi nikifungua mlango naukuta mlima Loleza umekaa juu ya mji, ukungu kiunoni. Hapo nasamehe yote. Parachichi za Rungwe sihesabu tena, na feni niliibeba bure, ipo uvunguni.

Kazi ndiyo bado. Nauza viazi kwa jumla pale Uyole, faida ndogo, vumbi la kiangazi jingi. Mama Dar bado anauliza narudi lini. Mwezi ujao anakuja kutembea. Nimemwambia abebe sweta, anadhani natania.