Redio ya trekta ya babu (Massey 35): ya kwanza imeungua, ya pili naogopa kuigusa

mjukuu_wa_galapo

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijaunguza kitu kingine.

Babu yangu ana Massey Ferguson 35, ile nyekundu ya silinda tatu yenye injini ya Perkins. Ni mzee kuliko baba yangu huyo, lakini kila msimu inalima mahindi na mbaazi kama kawaida. Kwenye madigadi ya kulia babu alichomelea kisanduku cha bati, na ndani yake kuna redio ya gari ya enzi hizo: vitufe vitano, mshale unaotembea, spika moja. Inashika MW peke yake. Siku hizi ukizungusha kitufe toka mwanzo hadi mwisho unapata mvumo tu, labda usiku usikie kitu cha mbali.

Nikasema nimfurahishe mzee. Nikanunua redio ya mtumba yenye Bluetooth na USB, nikamwita fundi mmoja wa mjini. Akaunga waya wa moto kwenye swichi, mweusi akaubana kwenye bodi, akakaza redio kwa bolti. Kuwasha tu, fyuzi ikakata. Akaweka fyuzi kubwa zaidi. (Hapo ndipo ningemshika mkono, najua, msiniseme.) Ukatoka moshi, ikaja harufu ya plastiki, redio kwaheri. Fundi akasema betri ndiyo mbovu. Betri ni N70, haina hata miezi miwili, na stata inazungushwa vizuri kabisa.

Nimepata redio nyingine, ipo kwenye boksi lake. Babu anasema nirudishe yake na niache utundu. Nawasilisha.

kisu_cha_plau

Massey 35 bila kebini, silensa juu kama bomba la kiwanda, halafu unataka redio. Utasikia nini mkuu? Nunua jembe la ziada.

rewaya_mzee

Kisu, mwache kijana, mzee wake amesikiliza redio humo miaka yote bila kukuomba ruhusa.

Mjukuu, kabla hatujalaumu betri wala redio, nenda kaangalie vitu viwili. Kwanza: ule waya mnene wa betri unaokwenda kwenye chasisi umefungwa kwenye kichwa kipi, cha + au cha −? Pili: geuza redio ya babu uangalie mgongoni. Kuna plagi ndogo au kiswichi chenye alama yoyote?

mjukuu_wa_galapo

Nimetoka kuangalia kwa tochi, babu anachungulia dirishani. Mzee, waya wa chasisi uko kwenye chanya. Nimefuatilia mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Na redio mgongoni ina kiplagi cha kuchomoa na kugeuza, upande mmoja +E, mwingine −E. Kimekaa kwenye +E.

rewaya_mzee

Basi betri yako haina kosa na fundi wako ndiye aliyekosa kuuliza.

Matrekta na magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 50 na mwanzoni mwa 60 yalitoka kiwandani hivyo: chanya ndiyo ethi (upande wa betri uliofungwa kwenye mwili wa chombo), hasi ndiyo waya wa moto. Ndiyo maana redio za wakati ule ziliwekewa kiplagi cha kugeuza, mnunuzi achague kulingana na chombo chake. Redio za leo hazina uchaguzi huo. Bati lake lote, pamoja na ganda la waya wa antena, limeungwa na hasi. Fundi alipoubana mweusi kwenye trekta ambayo mwili wake ni chanya, na mwekundu kwenye swichi ambayo ni hasi, redio ikapata umeme wa kinyume. Na hata nyaya ungezibadilisha, bati hilo likigusa trekta ungegusanisha pande mbili za betri. Fyuzi ya kwanza ilikata kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake. Ile ya pili kubwa ikauacha moto upite.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kugeuza trekta nzima iwe ethi ya hasi. Inatisha kuisikia, lakini kwa dizeli ni kazi ya asubuhi moja, kwa sababu haina koili wala plagi za cheche. Stata haijali, itazunguka upande uleule. Taa hazijali. Vinavyojali ni dainamo inayochaji betri na amita, ile saa ya kuonyesha chaji.

Fungua nyaya za betri kabisa. Igeuze, hasi iende kwenye chasisi. Hapo utakutana na jambo dogo linaloudhi: kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, kwa hiyo klempu zako hazitakaa. USIGONGE NYUNDO. Betri nyingi nimeziona zikivuja kichwani kwa sababu ya nyundo. Nunua klempu mpya, bei yake ni ndogo kuliko ya betri. Kisha badilishana nyaya mbili za nyuma ya amita, la sivyo itakuonyesha inachaji wakati inamaliza.

Halafu dainamo. Ina sumaku ya zamani imebaki kwenye chuma chake, ni lazima uifundishe upande mpya. Chomoa nyaya zake zote mbili, ule mkubwa wa D na ule mdogo wa F. Injini iwe imezimwa. Chukua kipande cha waya kutoka kichwa cha chanya cha betri, gusa F na kuachia, mara mbili tatu, sekunde moja kila mguso. Utaona cheche ndogo. Basi, rudisha nyaya mahali pake. Usipofanya hivyo dainamo itaendelea kuzalisha umeme wa kinyume, na katauti yako (swichi inayounganisha dainamo na betri) itaungua midomo.

boda_wa_magugu

Mbona mnazunguka hivyo? Ng'oa hiyo dainamo weka altaneta ya Toyota, mambo ya kisasa.

rewaya_mzee

Ukiiweka kabla ya kugeuza ethi, daiodi zake zitakufa papo hapo, halafu nitaletewa mimi niambiwe "ilikuwa nzima". Baada ya kugeuza, sawa, ni jambo zuri. Ila kwa redio tu si lazima. Kama ni Lucas C40, hiyo inatoa ampia 22. Taa mbili za wati 45 zinakula ampia saba na nusu hivi. Redio kwa sauti ya kawaida haifiki hata tatu. Kasoro ya dainamo ni kwamba injini ikizunguka taratibu haichaji kitu. Kukaa chini ya mti trekta inanguruma taratibu huku unasikiliza mpira, hiyo unakula betri.

mama_wa_trans_nzoia

Hujambo kijana. Mimi niko huku Kitale, nina 35 kama hiyo ya marehemu mume wangu, na bado ni ethi ya chanya. Sikutaka mtu aguse nyaya zake.

Nilichofanya: betri ndogo ya 12V, ampia-saa 7, zile za kengele za wezi, ndani ya sanduku la plastiki pamoja na redio. Hakuna waya hata mmoja unaogusa trekta. Hata antena nimeifunga kwenye ubao. Paneli ya wati 20 iko juu ya kanopi inaichaji. Inaimba toka asubuhi mpaka tunarudi nyumbani. Na siku nikiuza trekta, naondoka na sanduku langu.

Ila nikuambie jambo moja. Dereva wangu aliweka sauti juu, kijana aliyekuwa nyuma akiondoa magugu kwenye haro akapiga kelele asimamishe. Hakusikia. Mguu ulipona kwa bahati tu. Tangu siku hiyo mtu yeyote akishuka kwenda nyuma, redio inazimwa.

kisu_cha_plau

Mama kaniwahi, hilo ndilo nililokuwa nataka kusema kwa maneno mabaya zaidi.

rewaya_mzee

Shikamoo mama. Njia yako ndiyo ile ya pili niliyotaka kuitaja, na ni safi kuliko ya wale wanaofunga redio kwa mpira kwenye chombo cha ethi ya chanya wakidhani wamemaliza. Siku moja simu yenye waya wa USB inagusa chuma cha madigadi, mchezo umeisha.

dj_kaptula

Mjukuu, hiyo redio yako ya pili ni mtumba wa Japani? Iwashe mezani kwanza kwa betri yoyote. FM ya Japani inaanzia 76, na nyingi zinaishia 90. Stesheni zetu zinaanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo utapata kipande kidogo cha mwanzo, kingine chote hewa. Kuna kidude cha kushusha mawimbi, kinakaa katikati ya antena na redio, maduka ya redio za magari wanacho. Kinapunguza ubora kidogo na namba kwenye kioo zinakuwa za uongo, lakini utapata TBC.

Na spika: usiunge waya wa spika kwenye bodi kama ilivyokuwa ya babu. Redio ya zamani iliruhusu upande mmoja wa spika kwenda kwenye chuma. Hizi mpya kila spika inataka nyaya zake mbili hadi kwenye redio. Mweupe na mweupe wenye mstari mweusi, hiyo spika moja. Nyingine usizotumia funga utepe kila moja peke yake.

mjukuu_wa_galapo

Dj, umenitisha, nimeijaribu sasa hivi. Inaishia 90.0. Na menyu yote ni Kijapani.

mjukuu_wa_galapo *(baada ya siku nne)*

Mrejesho wakuu.

Nimekaa na babu nikamweleza njia zote mbili. Ya kugeuza trekta akaikataa kabla sijamaliza sentensi. Ya mama wa Kitale akauliza maswali mengi, mwisho akasema sanduku liwe la mbao, plastiki hapendi. Akalitengeneza mwenyewe siku nzima, na mpira wa tairi la baiskeli chini ili lisitikisike. Waya wa njano (wa kumbukumbu ya redio) na mwekundu (wa kuwashia) nimeviunga pamoja kwenye swichi moja, kwa hiyo kila tukizima inasahau stesheni. Njano ningeuacha moja kwa moja ungekula kabetri kale usiku kucha.

Ukiwa unalima hausikii maneno, Kisu alikuwa sahihi, unasikia muziki kwa mbali. Ukisimama mwisho wa mraba na kupunguza mafuta, taarifa ya habari inasikika vizuri. Kidude cha mawimbi nimekipata Babati.

Mlio mmoja tu unanisumbua: kama nzi anayepanda na kushuka na mwendo wa injini. Wakati haijaungwa popote na trekta!

rewaya_mzee

Huo unapita hewani kutoka kwenye dainamo, brashi zinacheza. Tafuta kapasita ya mikrofaradi 1, ile yenye bati la kufungia bolti. Bati kwenye mwili wa dainamo, waya wake kwenye D. Usiiweke kwenye F hata ukishauriwa na malaika. Halafu sogeza antena mbali na boneti.

dj_kaptula

Ile ya zamani ya vitufe vitano unaiuza? Nina gari la kuirudishia.

mjukuu_wa_galapo

Nimemuuliza. Ameirudisha kwenye kisanduku chake cha bati na kukaza bolti zote nne. Sasa trekta ina redio mbili.