Much, many, few, little: mnazitofautishaje mkiwa na wageni?

MtotoWaUnga
Wakuu habari zenu, niko Arusha nasoma kozi ya kuongoza watalii, Mungu akipenda msimu ujao naanza kuingia porini. Kiingereza naongea ila kwenye much na many, few na little hapo ndo nachanganyikiwa, maana sisi tumezoea wageni wengi, maji mengi, hela nyingi, yote ni ile ile. Sasa tembo wengi Tarangire ni much au many? Na wanyama kwa ujumla je? Halafu eti "few" na "a few" ni vitu viwili tofauti, hiyo "a" inafanya kazi gani pale? Naombeni mifano ya kazini, ya kitabuni nimesoma haikai kichwani.

MwlNjiro
Tembo unamhesabu mmoja mmoja, kwa hiyo "many elephants". Ila "wildlife" haihesabiki na haiwekwi s, sema "a lot of wildlife". Hiyo a lot of ishike sana, inaenda na vyote. Much yenyewe iweke kwenye maswali na kukanusha, "how much water do you have?", "we don't have much time", ukisema "we saw much wildlife" mgeni atakuelewa ila watu hawaongei hivyo.
Kwenye uchache Kiswahili kinakubeba kabisa. Tunasema siku chache, wageni wachache, lakini maji kidogo, sukari kidogo, hakuna mtu anasema sukari chache. Panapokaa chache weka few, panapokaa kidogo weka little. Hela pia, noti unazihesabu lakini "money" ni ya much na little.

KiboshoJuu
Mwalimu nakukubali ila hiyo njia ina mtego. Mizigo michache, vifaa vichache, taarifa chache, hicho ni Kiswahili safi kabisa, lakini luggage, equipment, information zote kwao hazihesabiki! Mimi napandisha wageni Kilimanjaro kutokea Moshi, hiyo "how many luggages" naisikia getini kila msimu. Sema "how many bags" au "how much luggage". Hizo na advice inabidi ukariri tu mdogo wangu, hamna njia ya mkato.
Na hiyo "a" usiichukulie poa hata kidogo. Kambi ya Barafu, ile ya mwisho kabla ya kileleni, haina chanzo cha maji, tunabeba kutoka kambi ya Karanga. Jioni mgeni anakuuliza maji yapo, ukimjibu "we have a little water" anaelewa yapo, si mengi ila yapo, anatulia. Ukimjibu "we have little water" anaelewa hayatoshi, na mtu aliyechoka kwenye mwinuko ule ukimtia hofu usiku wa kwenda kileleni umemharibia safari. Few ni hivyo hivyo, "a few rhinos" Ngorongoro anakaa mkao wa kuona faru, "few rhinos" anajua ni wa kubahatisha.

MtotoWaUnga
Asante sana kaka, hiyo ya maji nimeielewa moja kwa moja. Na less na fewer?

MwlNjiro
Fewer kwa vinavyohesabika, "fewer tourists in April" maana ni masika. Less kwa visivyohesabika, "less dust". Ila kilo, hela, umbali na muda vinachukua less hata kama kuna namba mbele, mlima una mita 5,895 kwa hiyo ni "a little less than 6,000 metres". Wenye lugha yao wengi wanasema "less people" wakiongea, wewe kwenye mtihani andika fewer.
KiboshoJuu uko sahihi kuhusu mizigo, ile ya chache ni ya kuanzia tu.

DadaSakina
Naongezea some na any maana utazihitaji kila siku. Ukimaliza kuwapa wageni maelekezo uliza "any questions?", lakini ukimkaribisha mtu kitu tumia some hata kama ni swali, "would you like some tea?" Na usishangae mgeni akiagiza "two coffees", hapo anahesabu vikombe, ni sahihi kabisa.