Jaketi la kitabu limegoma kukaa, jina la mgongoni limehamia mbele. Nimekosea wapi?

mwana_wa_mzee
Habari zenu wakuu. Mzee alituachia vitabu kama arobaini hivi vya jalada gumu, yale makaratasi ya juu (majaketi) mengi yalishachanika zamani na mengine sisi wenyewe tuliyatoa tukiwa wadogo tukatengenezea tiara, sasa vimebaki uchi, kitambaa kimefifia na mende wa Tanga mnawajua wenyewe, kona zote wameshaonja gundi. Nikasema nivishonee nguo mpya mwenyewe. Nimedizaini kwenye Canva, ile programu ya kudizaini, nimepima kwa rula: mbele sm 14.5, mgongo 2.8, nyuma 14.5, na yale masikio yanayokunjwa kuingia ndani sm 8 kila upande, urefu sm 21.6. Nikaprinti steshenari. Kufika nyumbani navalisha, nikikunja sikio la mbele penye mstari wake basi jina la mgongoni linakuja kukaa kwenye jalada la mbele, na juu na chini kitabu kinachungulia kama mtu kavaa shati la mdogo wake. Nimerudia kupima, vipimo ni vilevile. Shida ni nini?

fundi_wa_mashine
Mkuu swali moja tu, ulipewa karatasi ya saizi gani?

mwana_wa_mzee
A3, walisema ndiyo kubwa waliyonayo

fundi_wa_mashine
Basi jibu umeshalipata. Jumlisha vipimo vyako, 8 na 14.5 na 2.8 na 14.5 na 8, inakuja sm 47.8. A3 ina urefu wa sm 42 tu. Yule dogo wa kompyuta alipoona haiingii akabonyeza ile ya kubana ienee kwenye karatasi, hakukwambia, kila kitu kikapungua zaidi ya asilimia 10, ndo maana hata urefu umekuwa mfupi. Siku nyingine mwambie aprinti asilimia 100 na kabla hujaondoka dukani weka rula juu ya karatasi hapohapo.

Ila hata angeprinti saizi kamili bado ingekusumbua kidogo, maana umepima kitabu kama tofali. Jalada gumu lina kile kibonde kati ya ubao na mgongo, karatasi inapita juu yake, halafu inazunguka unene wa ubao kabla ya kuingia ndani, usishangae ukikuta milimita 5 mpaka 8 zimeongezeka kila upande na rula haikuonyesha. Dawa yake achana na rula kabisa. Unakumbuka tulivyokuwa tunakava madaftari kwa kaki au kalenda ya mwaka jana? Fanya vilevile, chukua kalenda, valisha kitabu, bana mikunjo kwa kucha kitabu kikiwa kimefungwa, tandua halafu pima mkunjo hadi mkunjo. Hivyo ndo vipimo vya kuingiza kwenye kompyuta. Rangi inayokaa chini ya maandishi na picha ivuke mstari wa kukata kwa milimita 3 kila upande, usipoacha hiyo kisu kikiteleza kidogo unabaki na ukingo mweupe.

Karatasi omba A2, uzito wa gramu 130 mpaka 150 kwa mita ya mraba, zaidi ya hapo inakataa kukunjika. Na piga laminesheni ya mati, ile isiyong'aa, la sivyo kwenye mikunjo wino wa mashine unapasuka unaona weupe. Jambo ambalo hawakwambii, karatasi ina mkondo wake, nyuzi zake zimelala upande mmoja. Mkondo ufuate mgongo, juu kwenda chini. Ukikosea, masikio yatakuwa yanafunguka yenyewe kila siku.

pwani_msomaji
Niaje wadau. Mimi niko Mombasa nilifanya yangu na printa ya nyumbani ya wino, zikatoka poa sana, rafu iko karibu na dirisha, haikuisha miezi mingi migongo myekundu yote ikawa pinki imechoka. Bluu na nyeusi ziko sawa mpaka leo. Sasa mgongo naweka rangi nzito za giza na naprinti za leza.

bibi_maktaba
Mwanangu hongera kwa kumvalisha mzee vitabu vyake. Nilikaa maktaba ya shule miaka mingi, nakuomba sana usipige selotepu wala gundi kwenye kitabu chenyewe, selotepu inageuka njano na ukija kuibandua inaondoka na kitambaa. Jaketi linajishikilia kwa masikio tu, kwa hiyo usiyafupishe ili kubana karatasi. Na vitabu hivyo vianike kivulini kwanza, ukivalisha kitabu chenye unyevu umefuga ukungu.

Je kuna vya Kiarabu humo?

mwana_wa_mzee
Shikamoo bibi. Vipo, kama sita, tafsiri ya Kurani na vya fiqhi (sheria za dini)

bibi_maktaba
Marahaba. Basi hivyo geuza. Vya Kiswahili ukitandaza jaketi, sura ya mbele inakuwa kulia kwa mgongo. Cha Kiarabu kinafunguliwa upande wa pili, sura ya mbele inakuwa kushoto. Nimeshaona tafsiri nzuri kabisa imevalishwa jina kisogoni.

pwani_msomaji
😂😂 na jina la mgongoni lishuke juu kwenda chini, ukikilaza kitabu kifudifudi utaona kwa nini

fundi_wa_mashine
Kifudifudi tena? Ukikilaza chali bwana, sura ikiangalia juu. Wafaransa ndo wanapandisha toka chini.

mwana_wa_mzee
Wakuu nimerudi. Nimefanya ile ya kalenda, mbele ambayo nilipima 14.5 imetoka 15.2, jaketi zima linafika karibu sm 50 🙌 nimepata duka lenye A2, nikasimama na rula yangu pale dogo ananiangalia kama mgambo. Limekaa kitabuni kama limezaliwa nalo. Vya Kiarabu nitaanza Jumamosi, bibi nitakutumia picha kabla sijakata.