Grafu hazichori: nibaki na SNMP v2c, nihamie v3, au nisakinishe wakala wa Zabbix?

fundi_wa_zamu
Wakuu, habari. Nina seva sita za Ubuntu, nazifuatilia kwa Zabbix (programu ya kufuatilia mashine na kuchora grafu), kwa SNMP v2c (itifaki ya kuuliza vifaa hali yao). snmpwalk (amri ya kuuliza kwa SNMP) nikiipiga ndani ya seva yenyewe inajibu. Nikiipiga kutoka seva ya Zabbix ni Timeout. Jana nilibadilisha agentaddress (anwani ambazo snmpd, programu inayojibu SNMP, inasikiliza) ikaanza kujibu, lakini inatoa jina la mashine na muda iliokaa hewani tu. Kadi za mtandao hazionekani. Nibaki na v2c, au nihame?

mama_swichi
Hujakosea mkuu, snmpd ya Debian na Ubuntu huja imefungwa hivyo, na kufuli ni mbili. Ya kwanza umeshaifungua: ilikuwa inasikiliza 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe, peke yake. Ya pili ni `-V systemonly`, inayoruhusu sehemu mbili tu za mti wa taarifa za SNMP, .1.3.6.1.2.1.1 na .1.3.6.1.2.1.25.1. Kadi za mtandao ziko .1.3.6.1.2.1.2 na .31. Kwenye snmpd.conf futa mstari wa rocommunity wenye neno public (neno la siri la v2c linalokuja nayo), weka:

`view grafu included .1.3.6.1.2.1`
`rocommunity NenoLako 10.20.0.5 -V grafu`

Hiyo anwani iwe ya seva ya Zabbix. Kisha washa upya snmpd.

kesha_na_logi
Sawa kabisa, ila mimi nilihamia v3 na sirudi. Neno la siri la v2c linasafiri wazi, tcpdump (amri ya kunasa data ya mtandao) inalionyesha lilivyo. Kilichonichosha zaidi ni ukimya wake: ukikosea neno, snmpd haijibu kitu, unapata Timeout ileile ya fayawoli iliyoziba poti 161 ya UDP. Nilikesha nikibadilisha sheria za ufw (fayawoli ya Ubuntu), kumbe ni herufi moja kubwa. v3 inakwambia: jina likikosewa ni Unknown user name, nywila ikikosewa ni Authentication failure. Simamisha snmpd kabla ya kutengeneza mtumiaji, na nywila isipungue herufi 8.

bandari_10050
Kwa seva za Linux, sakinisha wakala (programu ndogo ya Zabbix inayokaa ndani ya seva). SNMP iachie swichi na ruta, ambako wakala hasakinishiki. Kwenye faili ya wakala unaandika `Server=10.20.0.5`, na akimkataa mtu, logi inataja anwani iliyokataliwa na zile zinazoruhusiwa. Hapo huna cha kubahatisha.

fundi_wa_zamu
Mama, ilikuwa systemonly! Seva nne zinachora. Mbili zilizo kwenye ofisi ya tawi bado Timeout. tcpdump inaonyesha maswali yanafika, ila yanatoka 10.20.8.1, si 10.20.0.5.

mama_swichi
Hiyo ni ruta ya tawini, inabadilisha anwani njiani. Usiiweke kwenye rocommunity, utakuwa umewaruhusu wote wanaopitia hapo.

bandari_10050
Hizo mbili zisakinishie wakala mwenye `ServerActive=10.20.0.5`. Yeye ndiye atakayeipigia seva ya Zabbix kwenye poti 10051, hasubiri kuulizwa. Hostname ifanane herufi kwa herufi na jina ulilosajili Zabbix, la sivyo data haitaingia.